Mbuzi Watatu wa Mwenye Sarakasi

Dada yangu hakuliwa na simba. Yuko Nunguni, juu kule kwenye baridi, analima maharagwe na viazi, na goti lake la kushoto humuuma kila mvua ikikaribia. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wameshalia.

Juzi tena, sokoni Zombe, kijana mmoja ambaye wakati mambo hayo yalipotokea alikuwa bado mgongoni mwa mama yake, alinisimulia mimi habari za sarakasi ya Wahindi iliyopita Ikutha. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema walikuja na simba. Alisema huwachukua watoto wachanga, huwavunja mifupa na kuwakanda kwa mafuta ya moto mpaka wapindike kama ukambaa. Alisema msichana mmoja wa Ikutha aliozwa kwa mwenye sarakasi kwa mbuzi watatu, na usiku wa kwanza tu simba akamla, akabakiza shanga.

"Simba walikuwa wangapi?" nikamuuliza.

"Saba, mzee."

Nikaenda nikanunua tumbaku, nikarudi, nikamuuliza tena.

"Tisa."

Hivyo ndivyo ninavyonunua mbuzi pia. Muulize mwenye mbuzi umri wa mbuzi, zungumzeni habari za mvua, halafu muulize tena. Majibu yakiwa mawili, mfungue mbuzi mdomo ujionee. Katika yote aliyosema kijana yule, kilicho kweli ni wale mbuzi watatu. Hayo mengine ni ya kupitishia siku, na siku sokoni ni ndefu.

Wakati sarakasi ilipopita nilikuwa nikinunua mbuzi Zombe nikiwauza Ikutha, na nikinunua Ikutha nauza Kibwezi kwa watu wa reli. Ilikuwa miaka ile ya thelathini. Nzige walikuwa wamekula walichotukuta nacho, na mvua ya vuli, ambayo ndiyo mvua yetu hasa, ilipita juu ya vichwa vyetu kama mtu anayemkwepa mdai wake. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki mama, mimi, dada yangu, na baba mdogo ambaye boma lake lilipakana na letu na ambaye kila alipopika mtu chochote alikuwa na habari ya kuja kuuliza.

Lori la sarakasi lilitoka Kibwezi, likavuka Mto Athi maji yakiwa machache, likafika Ikutha likavunjika ekseli. Hawakuja kwetu, basi. Waliishiwa na safari kwetu. Lori lilichorwa mistari myekundu na ya njano, na ubavuni picha ya simba dume mwenye manyoya kama jua linalochomoza. Nyuma lilivuta kizimba cha magurudumu, na ndani ya kizimba alilala simba jike mwembamba, rangi ya vumbi, asiyeinua hata sikio watu walipopiga kelele. Palikuwa na farasi mdogo, mbwa wawili wenye sketi, na nyani. Nyani huyo aliwashangaza watu kuliko simba. Kwetu nyani tunamfukuza shambani na mawe, na huyu Mhindi alitaka tumlipe ndipo tumtazame.

"Kesho nitamletea arobaini," baba mdogo akasema. "Atanilipa mimi nikae nao au atawalipa wao?"

Mwenye sarakasi alikuwa mzee mwenye sharubu zilizopakwa mafuta. Siku ya kwanza alisimama juu ya lori na tarumbeta la bati mdomoni, akatangaza kuwa ana wasanii ishirini, kwamba ukoo wao umefanya sarakasi vizazi saba, na kwamba babu yake alicheza mbele ya wafalme, nao wafalme wakavua pete wakampa. Watu wakasema "eee!" Mimi nikahesabu wasanii. Nikapata saba. Nikahesabu tena nikapata sita, kwa kuwa mtu wa kuchekesha na mtu wa kunyanyua vyuma walikuwa mmoja, alikuwa akibadilisha kofia nyuma ya turubai.

Ekseli iliagizwa kwa njia ya reli, na reli haina haraka na mtu wa Ikutha. Wakakaa. Walipiga hema karibu na soko, wakacheza siku za soko, na watu wakaingia kwa senti, kwa mayai, kwa kibuyu cha mtama. Simba naye alitaka kula, na hapo ndipo mwenye sarakasi alipofika kwangu. Nilimuuzia mbuzi waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Alijua, nami nilijua kwamba anajua, bei ikakaa katikati. Hivyo tukawa marafiki.

Sasa dada yangu. Kila mtu huko nje amesikia kwamba sisi Wakamba tukicheza ngoma tunaruka. Ni kweli, lakini wanaopinduka hewani ni vijana wa kiume. Wasichana hukaa kwenye mstari na kazi yao ni kutikisa mabega. Dada yangu hakutaka mabega. Tangu utotoni alikuwa akiruka kwenye mchanga wa mto mkavu, anaanguka, anatema mchanga, anarudia. Alipokuwa mkubwa wa kuolewa, na wachumba wawili ameshawakataa, wapiga ngoma walikuwa wamezoea kumwachia nafasi mwishoni. Alikuja mbio, akapinduka mara mbili kabla ya kugusa chini, akasimama kana kwamba alikuwa amesimama pale tangu asubuhi.

Mwenye sarakasi alimwona siku moja ya soko, alasiri. Mke wa mwanawe, yule aliyetembea juu ya waya, alikuwa mjamzito na ameshaanza kukataa kupanda. Kesho yake mzee akaja kwangu, sharubu zimelala.

"Wewe rafiki yangu," akasema. "Niuzie dawa."

"Dawa gani, bwana?"

"Ya kuruka. Mombasa wote wanasema watu wa Kitui wana dawa. Unachanja mguu, unatia, unaruka. Sema bei."

Nakiri kwamba nilitazama majivu kwenye jiko na nikafikiri. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, na uongo unataka nguvu.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "miguu hii imetoka Zombe jana, na malengelenge unayaona. Tungekuwa na dawa ya kuruka, si ningefika nikiwa nimeruka?"

Alinitazama miguu. Akacheka, kisha akahuzunika, nadhani kwa sababu hilo lilimaanisha kwamba lazima amchukue msichana mzima, maana dawa peke yake haipo. Akasema anamtaka dada yangu kazini, atalishwa, atalipwa, ataona Nairobi na Kampala.

Dada yangu alikuwa ameshasikia kabla yangu. "Nataka kwenda," akaniambia, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Hapa nikiruka, ngoma ikiisha naambiwa nikasage mtama. Nataka kufika mahali ambapo kuruka ndiyo kazi yenyewe."

"Huko pia watasaga kitu."

"Basi nikasage cha kwao."

Neno la mwisho lilikuwa la mama, na dada yangu alijua. Bila ruhusa ya mama hangetoka. Si kwamba angefungwa kamba. Msichana anayeondoka bila baraka ya mama hana mahali pa kurudi, na hata aliye na miguu ya kuruka hutaka mahali pa kutua. Mama alikuwa ameketi akisokota ukambaa wa kiondo pajani. Alisikiliza yote. Kisha akaniambia mimi, hakumwambia dada:

"Soko zima linasema wale watu wanavunja watoto mifupa. Mimi sitaki habari za soko, soko nimelijua kabla yako. Nenda ukaangalie kwa macho. Kama ungetaka kununua."

Nikaenda, nikakaa nao siku kadhaa, nikijifanya nina habari za mbuzi. Niliuliza kila jambo mara mbili, kwa watu wawili.

Vizazi saba vya sarakasi viliisha haraka. Mzee alisema saba. Mtu waliyemwita asiye na mifupa, aliyekuwa na umri kama wangu wa sasa, alicheka mpaka akakohoa. Alisema baba wa mzee alikuwa fundi cherehani aliyeshona hema la sarakasi ya watu wengine. Sarakasi ile ilipokufa, hema likabaki kwake, na mtu mwenye hema atafanya nini? Nilimuuliza mke wa mzee, mama mnene aliyekaa mlangoni akipokea viingilio huku akila karanga, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kikinishinda mimi. Naye akasema cherehani. Wafalme je? "Mfalme mmoja alipita na gari," akasema, "tukampungia mkono."

Simba je, ambaye mzee alimkamata mwenyewe kwa mikono, kovu hili hapa? Alizaliwa kizimbani, wakamnunua kwa watu waliokuwa wakiacha kazi. Kovu ni la pasi ya mkaa. Watu wa Ikutha wengine waliapa kwamba simba yule ni mtu aliyegeuzwa, kwa hiyo hakosi kuelewa Kikamba. Nilimsemesha Kikamba. Alipiga mwayo. Nikapata nafasi ya kuhesabu meno nikapata manne, na alipopiga mwayo tena nikapata matatu, kumbe la nne lilikuwa kipande cha mfupa kilichokwama. Mbuzi wangu aliwala wamekatwakatwa kama mtoto anavyokatiwa.

Nikabakiwa na jambo lililonipeleka. Nilifika mapema siku moja nikamkuta yule mtu asiye na mifupa bado amelala kwenye mkeka, mwanamke wa waya akimkanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto. Hakuweza kuinuka. Alilalamikia mifupa yake mmoja mmoja, na kwa jinsi alivyoitaja, alikuwa nayo kuliko mimi.

"Nani alikuvunja?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Tukaongea habari za bei ya chumvi. Nikamuuliza tena.

"Ndugu yangu," akasema, "hawavunji. Kuvunja ni mara moja, unalia, kunaisha. Baba yangu alinishika kiuno hivi, kila asubuhi, akanipinda kidogo zaidi ya jana. Hii haiishi."

Mwanamke wa waya alinionyesha nyayo zake bila kuulizwa. Zilikuwa zimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Chakula alisema kipo, mume hampigi, na Kampala ni sawa na Ikutha, ila ina matope. Hata yeye waya hakuanzia juu. Ulifungwa usawa wa goti, mwaka mzima, usawa wa goti.

Nilirudi nikamwambia mama yote jinsi yalivyo. Hakuna wa kuvunjwa, hakuna wa kukandwa kwa mafuta, hakuna uchawi. Kuna kazi, na inachosha watu mpaka inaonekana usoni hata wakicheka. Mama aliendelea kusokota.

"Nimesikia," akasema. Hakusema nenda, hakusema kaa. Dada yangu alikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia jiwe la kusagia likisimama na kuanza tena.

Mbuzi wa simba walikuwa wamebaki wachache. Ikabidi niende Zombe.

Niliporudi, kabla sijafika nyumbani, nilikutana njiani na jirani yetu mwanamke, mwenye ulimi mrefu kuliko njia yenyewe. Alipiga kigelegele aliponiona.

"Karibu, karibu! Umetuficha, wewe! Shemeji yako anafuga simba!"

Nikacheka kwa adabu. Nikafika bomani nikaona ngozi ya mbuzi imetandazwa juani na vijiti pembeni. Ngozi ya beberu. Chini ya kibanda walikuwa wamefungwa majike wawili, nami niliwatambua, kwa sababu nilikuwa nimewauza mimi. Walikuwa chakula cha simba.

Mtu wa mbali hawezi kuona ubaya hapo. Mkamba hahitaji kuambiwa. Mbuzi watatu wakiletwa nyumbani kwa msichana, hao huitwa mbuzi wa ntheo. Hao ndio ndoa. Mahari nyingine inaweza kungoja hata wajukuu wazaliwe, lakini bila hao watatu hakuna mke, na wakishapokelewa, mmoja akachinjwa na watu wa nyumbani wakamla, mambo yamekwisha. Hakuna pete wala kitabu kinachoshinda nyama iliyoko tumboni.

Baba mdogo alikuwa ameketi kivulini akijichokonoa meno.

"Nani alichinja?" nikauliza.

"Mimi ndiye baba hapa."

"Yule mzee alisema ameleta nini?"

"Alisema salamu. Sasa, mtu mzima akija na mbuzi watatu, nimuulize maneno mengi? Ningeonekana mlafi."

Baba mdogo alijua. Njaa nayo ilijua zaidi yake.

Nikapata habari kamili kwa Msomali mwenye duka. Mzee wa sarakasi alimuuliza yeye aendeje kwa mama wa Kikamba, naye akajibu jibu la mtu mwema, kwamba usiende mikono mitupu, peleka mbuzi. Hakusema wangapi, kwao Wasomali idadi haina maana. Mzee akatazama mbuzi wa simba, akaona mmoja ni aibu, wawili ni kidogo, akaongeza wa tatu kwa ukarimu. Ukarimu ndio uliomwoza.

Nilipopita nyumbani, dada yangu alinishika mkono nikitoka tena. Macho yalikuwa mekundu. "Mwana wa mama, niambie. Nimeolewa na mzee au na simba? Nijue nitampikia nani."

"Bado hujaolewa na mtu."

"Kawaambie hao wanaopiga vigelegele."

Nikaenda hemani. Mzee alinipokea kwa furaha, akasema mama amekubali zawadi, kila mtu alikuwa akishangilia, watu wakarimu sana hawa. Nikamkalisha chini.

"Bwana, kwetu zawadi ni kuku. Mbuzi mmoja ni salamu nzito. Watatu, na mmoja akiliwa, ni harusi. Tangu juzi wewe ni shemeji yangu."

Sikuwahi kuona sharubu zikishuka haraka vile. Mke wake alikuwa mlangoni na karanga zake. Alimaliza kutafuna ile iliyokuwa mdomoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta mlango. Alipokipata, aliinuka akampiga mzee begani na kopo la viingilio.

"Maisha yangu yote nimempikia huyu! Nimemshonea hata sketi za mbwa! Leo ananiletea mke mwenza, tena kwa mbuzi wa simba! Kwangu baba yako alileta nini? Nyuzi!"

"Nilileta salamu!" mzee akalia. "Nirudishieni mbuzi wangu!"

"Mmoja ameliwa."

"Basi wawili!"

"Wawili wakirudi," nikamwambia, "maana yake umemkataa msichana mbele ya Ikutha nzima. Hapo lori lako hapandi, na mchumba wa hapa hapati. Atakuwa yule ambaye hata mwenye nyani alimrudisha."

Simba alikohoa kizimbani. Nilikuwa na hesabu mbili mkononi na zote zilikuwa mbovu. Nikisema ukweli sokoni kwamba hakuna ndoa, dada yangu anabaki nyumbani na fedheha. Nikinyamaza, anapanda lori akiwa mke wa mzee aliyemzidi baba yetu umri, ambaye naye hamtaki. Ekseli ilikuwa imefika Kibwezi. Wangeondoka muda wowote.

Nikarudi kwa mama. Alikuwa chini ya ukuta wa magharibi, mahali pa kivuli cha asubuhi, kiondo kikiwa kimefika shingoni. Nikamweleza kosa lote, nani alimwambia nani, na kwamba mzee hakukusudia kuoa.

"Unanieleza mimi?" mama akasema. "Nilikuwepo. Mtu anayeleta ntheo haji huku mkewe ameketi mlangoni mwa hema akila karanga."

"Ulijua?"

"Nina macho."

"Na ukaacha baba mdogo achinje?"

"Baba yako mdogo angechinja hata kama angeambiwa ni mbuzi wa serikali." Akavuta uzi kwa meno. "Sikiliza. Nikisema anakwenda kufanya kazi barabarani na wanaume wasio wetu, siku akirudi watasema alipotea. Msichana aliyepotea hana mahali pa kukaa. Nikisema ameolewa, siku akirudi ameachika. Walioachika kwetu wapo wengi. Wanapewa shamba, wanapewa nyumba, wanaolewa tena na watu wenye akili."

"Lakini si kweli, mama."

Hapo akaniangalia mara ya kwanza. "Wewe unayeuza mbuzi wa Zombe ukisema wamelishwa Nunguni. Leo ndiwe wa kunifundisha kweli?"

Nikauliza jambo lililobaki. "Kwa hiyo anakwenda?"

"Niletee yule mama wa karanga. Huyo ndiye nitakayempa, si mumewe."

Mama wa karanga alikuja kwa miguu, jua kali, akihema, khanga imelowa jasho. Dada yangu aliletewa kigoda akakataa, akasimama. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, basi nikawa katikati yao, lakini maneno mengi hayakunihitaji. Mama aliuchukua mkono wa yule mwanamke, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole kwenye sugu za sindano na kamba za hema. Alikaa nao muda. Kisha akageuza na ule wa pili.

"Mwulize atalala wapi mtoto wangu."

"Kando yangu," yule mama akasema. "Kati yangu na ukuta. Mzee atalala na nyani."

Nikatafsiri. Dada yangu akaziba mdomo. Mama hakucheka.

"Mwulize waya."

"Usawa wa goti. Mwaka mzima. Akishindwa, atashona na mimi."

"Mwulize akitaka kurudi."

Mama wa karanga hakungoja nitafsiri, naona alielewa kwa uso. Akasema atampandisha treni yeye mwenyewe, na tiketi mkononi, mpaka Kibwezi, na kwamba yeye amezaa wasichana watatu na amewazika wawili, haongei ovyo habari za mtoto wa mtu. Hilo nililitafsiri polepole.

Mama akamwita dada yangu karibu. Mimi nilitarajia baraka ndefu, maana mama akianza kuomba hata mbuzi hulala. Akamtemea mate kidogo kifuani, kama inavyotakiwa, akasema, "Ukichoka, rudi. Usingoje mpaka ufukuzwe. Na hapa tutasema umeolewa, nawe ukiulizwa nyamaza tu, mwali hunyamaza." Ndivyo ruhusa ilivyotoka. Dada yangu alipiga magoti, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata baba alipozikwa.

Waliondoka asubuhi ya soko. Kama ingekuwa siku nyingine tungepona, lakini siku ya soko watu wote walikuwepo, na wanawake walikuja wakiwa wamejipaka mafuta, wakaanza nyimbo za kumtoa mwali. Lori lilizungukwa. Dada yangu aliketi juu ya magunia ya turubai, kitambaa kipya kichwani, kati ya mbwa wenye sketi, ameinamisha macho kama bibi harusi kweli. Mama wa karanga aliketi mbele na kuwapungia watu. Mzee alikuwa upande wa pili amejikunja, akinong'ona kwangu kwa dirisha.

"Wanaimba nini?"

"Wanakuaga, bwana."

"Mbona wananionyesha kidole?"

"Wanakupenda."

Lori likaunguruma. Wale walioshika ubavu walikimbia nalo mpaka kwenye mteremko, kisha wakaachia. Kizimba kilipita mwisho, simba amelala, matako yake yametugeukia. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu, maana hapakuwa na upepo.

Jirani yetu mwenye ulimi akamjia mama, mikono kiunoni. "Sasa, mama bibi harusi, mkwe ana ng'ombe wangapi?"

"Muulize huyu," mama akasema. "Ndiye anayehesabu."

Wakanigeukia wote. Nilitafuta uongo mzuri nikaona sina hata mmoja, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Nikasema kweli tupu.

"Ng'ombe hana. Ana simba mmoja, farasi mmoja, mbwa wawili na nyani."

"Simba!" wakasema. "Eee!" Wakaondoka na habari hiyo wakiigawana, na walipofika kwenye maduka nilisikia simba wameshakuwa watatu.

Mama alikuwa ameshaanza kutembea. Nikamfuata. Hakuelekea nyumbani, alishuka kwenye mto mkavu ambako vibuyu vyetu viwili vilikuwa vinangoja kando ya kisima cha mchanga tangu alfajiri, vimejaa. Akajitwisha kimoja. Cha pili, ambacho kila siku alikibeba dada yangu, akakisukuma kwangu kwa mguu.

"Beba," akasema. "Sasa ni wewe."

Wanaume wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe walinitazama, wakatazamana. Nikakiweka begani, kisha kichwani, kisha begani tena. Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima, na mama, mbele yangu, hakugeuka hata mara moja.